Mwani, jongoo, mwatiko au kaa: ufuge nini kwenye pwani yako?

Ukikaa na watu wa pwani saivi, iwe Tanga, Pemba, Kwale au Kilifi, habari ni ile ile, samaki wamepungua, wavuvi wameongezeka, na kila mkutano wa kijiji kuna mtu kaja na makaratasi anasema tufuge baharini. Sawa, tufuge, lakini tufuge nini? Hapo ndo watu wanakwama, manake kila mradi unakuja na kitu chake, mwaka huu mwani, mwakani kaa, ukifuatilia mwisho unakuta kikundi kina nyavu zimekunjwa stoo na wanachama hawasalimiani.

Dunia yenyewe ishahamia huko. FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, walitoa hesabu kwamba mwaka 2022 ndo mara ya kwanza viumbe wa majini waliofugwa waliwazidi waliovuliwa, zaidi ya tani milioni 94. Ila sehemu kubwa ya hizo ni Asia, na nyingi ni samaki wa maji baridi, sio wa bahari. Kwa hiyo mtu akikwambia "wenzetu wanatajirika" muulize wenzetu wepi, na wanafuga nini.

Hapa nalinganisha vitu vinne ambavyo kweli vinafugwa na watu wa kawaida kwenye mwambao wetu: mwani, majongoo bahari (wale viumbe laini wanaolala chini mchangani), mwatiko ambaye ni samaki wa kufugwa bwawani, na kaa wa mikoko. Kamba nimewaacha makusudi, wale wanataka mtaji wa kampuni, na waliokuwepo miaka ya 1990 wanakumbuka zogo la ule mradi mkubwa uliotaka kuchukua delta ya Rufiji, ulivyopingwa mpaka ukafa. Sponji za Jambiani na lulu ni vitu vizuri pia lakini bado ni vya watu wachache, tutaviongelea siku nyingine.

Tunapima kwa nini

Watu wengi wanaanza na bei ya kilo. Mi naona hilo ni swali la mwisho kabisa. Ya kwanza ni mahali, yani pwani yako ikoje, mchanga au tope, maji yanakupwa mpaka wapi, kuna mto unamwaga hapo masika au hakuna. Ya pili ni mbegu, unaipata wapi na nani, na ikifa leo kesho unapata nyingine? Halafu mtaji na kazi yenyewe, halafu muda mpaka ushike hela, halafu soko, halafu hatari, na kwenye hatari usisahau wizi. Mwisho naongeza moja ambalo wengi hawalijali, utafiti umefika wapi, manake kitu ambacho wataalamu bado wanahangaika nacho maabara ukikibeba wewe na mkopo wa vikoba unakuwa ndo wewe wa kufanyiwa majaribio.

Katika hayo yote mbegu ndo inayoamua, na ndo utaona kila kimoja hapa chini kinapokwamia au kinapotokea.

Mwani

Huu ndo mkongwe. Prof. Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alishaanza kuuhangaikia toka miaka ya 1970, ila kilimo cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, pande za Paje na Jambiani, na mbegu zililetwa kutoka Ufilipino. Ndo hizi mbili tunazozijua, spinosum na kotonii. Kenya wamekuja baadae, Kibuyuni, Mkwiro na Gazi huko Kwale.

Mahali: unataka mchanga, maji safi yanayotembea, na sehemu ambayo bamvua, zile siku bahari inajaa na kukupwa sana, maji yakitoka unaweza kusimama lakini mwani wenyewe usikauke juani. Karibu na mdomo wa mto usijaribu, mvua ya masika ikishusha chumvi mwani unaoza.

Mbegu: hapa mwani unawashinda wenzie wote watatu. Mbegu ni kipande cha mwani wenyewe. Unavuna, unabakiza, unafunga tena. Jirani anakupa, hakuna kituo cha kwenda kupanga foleni. Lakini huo huo urahisi ndo umetuponza, manake tumekuwa tunakata kipande cha kipande cha kipande toka 1989, ni mmea ule ule mmoja unarudiwa, haukutani na mwengine, kwa hiyo ugonjwa ukiupata mmoja umeupata wote. Kotonii ndo mfano, maji ya kina kifupi yalivyozidi kupata joto matawi yakawa yanageuka meupe kama barafu na kukatika, sehemu nyingi za mashariki ya Unguja watu wameachana nayo kabisa wakabaki na spinosum, Pemba ndo inashika shika.

Mtaji na kazi: vijiti, kamba, na taitai, zile kamba nyembamba za kufungia mbegu. Basi. Kamba ya mita nne au tano inafungwa kati ya vijiti viwili, kila baada ya kama shibiri moja unafunga kifundo cha mbegu. Ukitaka kujua kazi ilivyo nenda ufukweni siku ya bamvua asubuhi ukawaangalie kina mama wamekaa chini mchangani, rundo la mbegu mbichi pembeni limefunikwa na kanga iliyoloweshwa maji jua lisilipige, mmoja anashika kamba kwa kidole gumba cha mguu kuikaza, mikono inafunga taitai moja baada ya nyingine bila hata kuangalia, stori zinaendelea. Ukiona hivyo unadhani rahisi. Mgongo, macho yanayowashwa na maji ya chumvi na mng'ao wa jua, miguu inayochomwa, hayo hayaandikwi kwenye mradi.

Muda: wiki sita hivi unavuna. Hakuna kitu kingine hapa kinachokaribia, ukitoa kunenepesha kaa.

Soko: lipo siku zote, ila sio lako. Mwani unakaushwa, kilo saba mpaka kumi za mbichi zinakupa kilo moja kavu, unauzwa kwa msafirishaji, unakwenda nje kukamuliwa karaginani, ile inayofanya aiskrimu na dawa ya mswaki ishikane. Kotonii kwa kawaida bei yake ni kama mara mbili ya spinosum, ndo maana kifo chake kimeuma. Na aliyekukopesha kamba na taitai ndo unayemuuzia, bei anapanga yeye. Waliojinasua kidogo ni wale wanaotengeneza sabuni, unga wa mwani na mafuta, wanauza kwa watalii na mjini, japo wateja wa sabuni nao wana kikomo chao.

Hatari: joto, ugonjwa, tasi wanaokula mwani mchanga, upepo wa kusi unaong'oa vijiti. Wizi ni mdogo.

Utafiti: ndo ulio mbele kuliko wengine wote. Dokta Flower Msuya, aliyekuwa Taasisi ya Sayansi za Bahari pale Unguja, kwa miaka mingi amekuwa akifanya kazi na wakulima hawa, ikiwemo nyavu za bomba za kulimia kwenye kina kirefu ambako maji yana ubaridi. Zinafanya kazi. Ila kina kirefu kinataka boti na kinataka ujue kuogelea, na kina mama wengi wa pwani yetu hawakufundishwa kuogelea, kwa hiyo ukiangalia vizuri teknolojia nzuri inaweza ikauhamisha mwani kutoka mikononi mwa wanawake kwenda kwa wanaume kimya kimya. Hilo ni la kuliangalia. Wengine wanatafuta aina za mwani wa asili ya huku huku zipate kuchukua nafasi ya mbegu zilizochoka.

Inamfaa nani: mtu asiye na akiba, anayehitaji hela kila baada ya mwezi na nusu, aliye na wenzie wa kufanya nao kazi, na pwani ya mchanga.

Majongoo bahari

Hawa ndo wanaowatoa watu macho kwasababu ya bei. Anayefugwa ni yule anayeitwa jongoo mchanga, yani wa kwenye mchanga, sio mdogo, na mlaji yuko China na Hong Kong, hapa kwetu hata ukimpikia mtu bure atakuangalia vibaya.

Mahali: mchanga uliochanganyika na tope laini, majani ya bahari, sehemu iliyotulia. Jongoo anakula uchafu uliomo kwenye mchanga, humlishi kitu. Ila ndo maana pia huwezi kuwarundika, mchanga una kiasi chake cha chakula, ukizidisha idadi wanaacha kukua na unaweza kukaa mwaka mzima unalinda vitu visivyoongezeka gramu.

Mbegu: hapa ndo kwenye kisa chote. Vifaranga wanatoka kituo cha kutotolea, na vituo ni vya kuhesabu. Zanzibar kipo kile cha Beit el Ras kilichojengwa kwa msaada wa Korea pamoja na FAO, wanatotoa majongoo, na mwatiko na kaa pia wamo kwenye mipango yake. Ukiwa mbali na hapo umekwama, na wengi waliokwama wanafanya kitu kimoja: wanaokota majongoo wadogo porini wanawatia kwenye uzio. Huo sio ufugaji, ni uvuvi uliocheleweshwa, na hao wadogo wakiisha porini na uzio wako umeisha.

Mtaji na kazi: nyavu na nguzo za uzio, vifaranga wenyewe, na mlinzi. Kazi ya mwili ni ndogo ukilinganisha na mwani, kusafisha nyavu zisizibwe na majani, kutoa kaa wanaokula vifaranga. Ukimshika shika ovyo jongoo anatapika matumbo, kwa hiyo kumhamisha kuna adabu zake. Kuvuna ni usiku, manake mchana wanajizika. Bamvua ya usiku, maji yametoka yamebaki ya magotini, mnatembea na tochi mnaona mchanga uliokuwa mtupu mchana umejaa vitu vimelala kama mihogo, mnachagua walofikia uzito, wadogo mnawaacha.

Muda: miezi tisa mpaka kumi na mbili, na wengine zaidi, mpaka afike kama gramu 350 au 400. Mwaka mzima bila senti. Halafu ukimchemsha, ukamtoa utumbo, ukamtia chumvi na kumkausha, gramu 400 zinabaki kama 20 hivi. Watu wanasikia bei ya kilo kavu wanazidisha kwa uzito wa mbichi, ndo hesabu za kwenye simu zinazofanya watu wauze viwanja.

Soko: bei kubwa kweli, lakini wanunuzi wachache, na ukikausha vibaya anakushusha daraja hapo hapo. Na sheria inategemea uko wapi, Tanzania Bara uvunaji wa majongoo wa porini umepigwa marufuku toka miaka ya 2000, Zanzibar unaruhusiwa.

Hatari: wizi, wizi, na wizi. Vitu vya thamani vimelala chini havikimbii, usiku mmoja mtu na gunia anabeba mwaka wako. Waliotutangulia ni Madagascar, kusini magharibi pande za Toliara, ambako chuo cha bahari cha pale na wenzao wa Ubelgiji walianza na maabara mwishoni mwa miaka ya 1990, wakajifunza kuwatotoa, halafu familia za Wavezo, jamii ya wavuvi wa kule, kwenye vijiji kama Tampolove zikakabidhiwa uzio. Kilichowasumbua sana sio ugonjwa, ni wezi, ikabidi wajenge vibanda vya ulinzi baharini na kulala huko kwa zamu.

Utafiti: kutotoa kunajulikana, tatizo ni wingi na uhakika wa vifaranga. Kuna utafiti ulifanyika Unguja wa kuweka majongoo chini ya mwani wa kotonii, ukaonyesha vinaweza kwenda pamoja kama majongoo ni wachache. Hilo mi nalipenda, manake mwenye shamba la mwani tayari yupo hapo kila siku na macho yake ndo ulinzi.

Inamfaa nani: kikundi kilichoshikana, chenye kipato kingine cha kula mwaka mzima, karibu na kituo cha vifaranga, na kijiji kinachokubaliana nao.

Mwatiko

Kama hoja yako ni chakula, yani samaki kwenye sufuria ya mtu wa hapa hapa, basi katika hawa wanne ni mwatiko peke yake anayekwenda moja kwa moja. Mwani tunauza, jongoo tunauza, kaa anakwenda hotelini au kwenye ndege. Mwatiko analiwa nyumbani. Ana miba mingi, hilo tusifichane, Wafilipino wanampenda mpaka wana watu wa kazi ya kumtoa miba tu, huku kwetu anakaangwa mkavu au anabanikwa unajipangia mwenyewe.

Mahali: nyuma ya mikoko, zile sehemu tupu zenye chumvi, au mashamba ya chumvi yaliyoachwa. Anavumilia maji ya chumvi kali na maji ya mvua pia. Mikoko yenyewe usikate, kwanza ni kosa, pili ile ndo inayolinda kingo zako. Bwawa lako liwe usawa ambao bamvua linajaza lenyewe na ukitaka kulikausha linamwaga lenyewe, ukikosea usawa utanunua pampu na mafuta milele. Na udongo wa mikokoni ukichimbwa ukakauka unatoa tindikali, maji ya kwanza yanaua samaki wote, ndo maana wanaojua wanajaza na kumwaga mara kadhaa na kutia chokaa kabla ya kuweka kifaranga hata mmoja. Hili watu wanaliruka kuliko yote.

Mbegu: porini, kwenye madimbwi na vijito vya mikokoni, zaidi kipindi cha masika. Unakokota kwa nyavu laini au chandarua, unachagua mmoja mmoja, manake wamechanganyika na samaki wengine walao wenzao, ukimtia hata mmoja wa hao bwawani miezi sita baadae unavuna yeye kanenepa na wako wameisha. Mwaka mwengine wapo tele, mwaka mwengine hawaonekani. Kumtotoa kwenye kituo ni kazi ndefu kwa sababu mwatiko anachukua kama miaka mitano mpaka apevuke, huwezi kumlisha mzazi miaka mitano kwa bajeti ya mradi wa miaka mitatu. Wafilipino walianza kazi hiyo Iloilo miaka ya 1970 ndo leo wana vifaranga vya kuuza.

Mtaji na kazi: kuchimba. Ndo gharama kubwa, iwe kwa majembe ya kikundi au mtambo. Baada ya hapo chakula chake ni utelezi unaoota chini ya bwawa, unautilia samadi, jua linafanya kazi. Ukitaka wakue haraka unanunua chakula na hapo faida inaanza kukimbia.

Muda: miezi sita mpaka tisa kupata samaki wa gramu 300 na kitu.

Soko: kijijini na mjini, hela mkononi, humsubiri Mchina wala msafirishaji. Shida ni siku ya kuvuna, unamwaga bwawa wote wanatoka siku moja, huna barafu unauza bei ya kutupa. Panga na kina mama wauza samaki kabla, sio siku ile ile.

Hatari: kaa wanatoboa kingo, ndege, mafuriko ya masika yanapita juu ya tuta samaki wanarudi baharini wakicheka. Wizi upo wa wastani.

Utafiti: Kenya wamekaa na huyu muda mrefu, KMFRI, ile taasisi yao ya utafiti wa bahari na uvuvi, na vikundi vya Kilifi na Kwale, Tanzania vipo vya Tanga, Mtwara na kwengineko. Wanajua mabwawa, wanaendelea na vyakula vya bei nafuu, kilichobaki ni kile kile, vifaranga vya uhakika.

Inamfaa nani: kikundi au familia yenye haki ya kweli ya kutumia eneo, sio la kuazima, na yenye nguvu kazi ya kuchimba. Mtu mmoja mmoja asiye na ardhi huyu sio wake.

Kaa wa mikoko

Watu wakisema wanafuga kaa mara nyingi wananenepesha, na ni vitu viwili tofauti. Kunenepesha ni kuchukua kaa mkubwa ambaye ametoka kujivua gamba, mwili wote ni maji, sokoni wanamwita kaa maji na bei yake ni ya kutupa, unamlisha mpaka ajae nyama. Kufuga ni kumchukua mdogo ukamkuza miezi mingi. La kwanza linalipa haraka, la pili linachosha.

Mahali: mikokoni, vijito, tope, kama Mida, Mtwapa, Rufiji, Pemba.

Mbegu: wavuvi wa kaa wanakuletea. Mchukue umgeuze, bonyeza gamba la tumboni karibu na mzizi wa miguu, likibonyea kidogo ndo kaa maji unayemtaka, likiwa gumu kama jiwe kashajaa, huna cha kumuongezea, usimnunue bei ya juu ukamlishe bure. Na hakikisha miguu yote ipo, hasa magando, manake bila gando mnunuzi anamkataa. Ubaya ni kwamba wote wanatoka porini, hakuna kituo kinachokupa vifaranga wa kaa kwa wingi, kijiji kizima kikianza kunenepesha mikoko inakombwa mpaka wadogo.

Mtaji na kazi: keji au masanduku ya mbao na mianzi yenye vyumba, kila kaa chumba chake. Ukiwaweka pamoja wanakulana, hasa aliyetoka kujivua. Kila siku chakula, utumbo wa samaki, mabaki ya sokoni, konokono wa mikokoni. Hapa niseme ukweli wangu, kama unawalisha dagaa ambao jirani yako angekula, huongezi chakula cha baharini, unakigeuza tu kuwa cha mtalii.

Muda: wiki tatu nne kwa kunenepesha. Kwa kasi anaupita hata mwani, ila lazima uwe na mtaji wa kuzungusha.

Soko: hoteli, mikahawa, na wasafirishaji wa kaa hai kwenda China. Lazima awe hai, kamba kwenye magando, kwenye unyevu, barabara mbaya inaua faida. Kikundi cha Dabaso pale Mida walifanya la akili, wakajenga mgahawa wao juu ya maji mikokoni, mteja anamfata kaa alipo.

Hatari: vifo kwenye keji mvua kubwa ikishusha chumvi, keji kuoza, wizi wa usiku, na soko la nje likifungwa ghafla, walionenepesha mwanzoni mwa 2020 China ilipojifungia kwa korona wanajua.

Utafiti: kuhusu keji na chakula kuna kazi nyingi imefanyika Tanzania na Kenya. Kutotoa ndo kigumu, watoto wa kaa wanapita hatua nyingi na wanakufa wengi kila hatua.

Inamfaa nani: kijana au kikundi kidogo karibu na mikoko na karibu na wateja, mwenye muda wa kulisha kila siku bila kukosa.

Sasa wewe uko wapi?

Mama mwenye watoto wa shule, hana akiba, pwani ya mchanga: mwani wa spinosum kwanza, na jitahidini muwe kikundi kinachouza pamoja na kuandika kilo zenu wenyewe. Kama maji yenu yana joto sana usihangaike na kotonii kwenye kina kifupi kwa sababu tu bei ni nzuri, kajifunzeni nyavu za kina kirefu, na mafunzo ya kuogelea yawe sehemu ya mradi, muyadai kabla ya kusaini.

Kikundi cha mwani kilichosimama tayari na kina akiba kidogo, Unguja au Pemba: hapo ndo mahali pa kujaribu majongoo, wachache, ndani ya shamba lenu, vifaranga wa kituo, sio wa kuokota. Mkikosa vifaranga mwaka huu subirini mwakani, mwani unaendelea.

Mko Kwale, Kilifi, Tanga au Mtwara, nyuma ya mikoko kuna shamba la chumvi halitumiki: mwatiko. Anzeni na bwawa moja, na kabla ya jembe la kwanza angalieni masika nzima kama vifaranga wanapita kwenye vijito vyenu. Wasipopita mna shimo la maji ya chumvi tu.

Kijana una pikipiki, mikoko iko jirani, hoteli ziko nusu saa: nenepesha kaa, idadi ndogo, usinunue wadogo hata wakiletwa kwa bei ya chini. Ukiwa mbali na wateja waache, watakufia njiani.

Mfadhili au diwani unayesoma hii na una hela ya kutoa: usinunue nyavu za vikundi hamsini, changia kituo cha kutotolea kiwe na umeme wa uhakika na mafundi wanaolipwa hata mradi ukiisha, mana majongoo, mwatiko na kaa wote watatu wanasubiri mlangoni pale.

Na wewe uliye Bara na moyo wako umeshakwenda kwa majongoo, kabla ya kununua hata mita moja ya nyavu pita ofisi ya uvuvi ya wilaya, ulizia kibali cha kufuga na kibali cha kusafirisha, upewe kwa maandishi. Jongoo wa kufuga na wa kuokota wakishakauka wanafanana kabisa, na atakayekusimamisha barabarani na gunia hatokuuliza ulimlea miezi mingapi.